Nenosiri moja kwa kompyuta na barua pepe: namna linavyofanya kazi na pale linapokwama

Katika ofisi nyingi mtumishi anayeanza kazi asubuhi hutakiwa kujitambulisha mara mbili. Kwanza huandika nenosiri ili mfumo endeshi wa kompyuta umruhusu kuingia. Kisha hufungua programu ya barua pepe, nayo humdai nenosiri jingine. Pale ambapo kanuni za kazi zinataka manenosiri yabadilishwe kila baada ya miezi michache, na kila moja lina kalenda yake, si ajabu kukuta karatasi ndogo imebandikwa pembeni mwa skrini, imeandikwa maneno yote mawili. Kwa zaidi ya miaka thelathini watengenezaji wa programu wamekuwa wakitafuta namna ya kuyaoanisha manenosiri hayo, ili aliyekwisha kutambuliwa mlangoni asihojiwe tena chumbani.

Suala hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini sivyo. Barua pepe ndiyo njia inayopitisha uthibitisho wa akaunti za benki, maombi ya vyuo, vibali vya ukaazi na huduma nyingi za serikali. Aliyesahau nenosiri la huduma yoyote kati ya hizo, au nywila kama wengine wanavyoiita, hutumiwa kiungo cha kuweka jipya kwa njia hiyo hiyo. Anayeishika barua pepe ya mtu ameshika funguo za nyumba nzima. Kwa hiyo anayeamua kwamba kuingia kwenye kompyuta kutoshe pia kufungua barua hana budi kujua kinachotendeka ndani, hasa siku nenosiri linapobadilika.

Kila nenosiri na kazi yake

Miongoni mwa mifumo ya kwanza ya kompyuta kutumia nenosiri ulikuwa CTSS wa chuo cha MIT nchini Marekani, ulioonyeshwa mara ya kwanza Novemba 1961 chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Mashine ilikuwa moja na watumiaji wengi. Kila mmoja alipangiwa saa zake na mafaili yake, na nenosiri likawekwa ili kuwatenganisha. Siri hiyo haikudumu. Mwaka 1962 mtafiti kijana, Allan Scherr, ambaye saa alizopangiwa hazikumtosha, alipata njia ya kulichapisha kwenye karatasi faili lililokuwa na manenosiri ya watumiaji wote, akaendelea na kazi kwa kutumia saa za wenzake.

Hata leo nenosiri la mfumo endeshi hujibu swali moja: ni nani huyu aliyeketi mbele ya mashine? Jibu huhakikiwa ndani ya kompyuta yenyewe au katika seva ya ofisi. Nenosiri la barua pepe, kwa kawaida, husafiri. Programu kama Outlook, Thunderbird au Mail ya Apple hulichukua na kulipeleka kwa seva ya barua, ambayo huenda iko nchi nyingine kabisa, na ni seva hiyo inayokubali au kukataa. Ukibadili nenosiri la kompyuta, seva ile haina habari. Ukibadili lile la barua kupitia tovuti ya mtoa huduma, kompyuta nayo haina habari. Vitu viwili visivyojuana haviwezi kuoanishwa kwa kutamani tu. Lazima awepo mpatanishi kati yao, na mipango yote inayoelezwa hapa chini hutofautiana kwa swali la nani anayeifanya kazi hiyo ya upatanishi.

Funzo la Lotus Notes

Mfano unaoeleza jambo hili kwa uwazi kuliko mingine ni ule wa Lotus Notes, programu ya barua na kazi za ofisi iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989, na ambayo baadaye ilienea katika makampuni makubwa na mashirika ya kimataifa. IBM iliinunua kampuni ya Lotus mwaka 1995, na mwaka 2019 Notes ikahamia mikononi mwa kampuni ya HCL ya India.

Katika Notes, nenosiri halikuwa neno la kumwonyesha mlinzi wa seva. Lilitumika kufungulia faili dogo la utambulisho lililohifadhiwa kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Ndani ya faili hilo mlikuwa na ufunguo wa siri wa kutia saini barua na kuzifungua zile zilizosimbwa, yaani zilizogeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Mpango huo ulikuwa imara, lakini ulikuwa na mtego wake. Mtumishi mwenye kompyuta ya mezani na ya mkononi alikuwa na nakala mbili za faili hilo, na kila nakala ilishika nenosiri lake. Alipolibadili ofisini, ile ya mkononi ilibaki na la zamani. Waliolalamika kwamba kompyuta imekataa nenosiri sahihi walikuwa wakisema kweli kwa namna fulani: lilikuwa sahihi, ila kwa nakala nyingine.

Watengenezaji waliongeza huduma ndogo iliyokaa ndani ya Windows na kusikiliza mtumiaji anapoingia. Alipoandika nenosiri la Windows, huduma ile ililichukua na kuipa Notes, hivyo barua zikafunguka bila swali la pili. Alipobadili nenosiri la Windows, huduma ilijaribu kubadili na lile la Notes wakati huo huo, ili yote mawili yabaki neno moja. Huku ndiko kuoanisha kwa maana halisi ya neno, na udhaifu wake ulijitokeza mapema. Huduma ile iliweza kusikia mabadiliko yaliyofanyika mbele yake tu. Nenosiri la Windows lilipobadilishwa kutoka kompyuta nyingine, au na msimamizi wa mtandao, maneno mawili yaliachana njia, na mtumiaji akabaki katikati asijue lipi linafungua nini.

Toleo la 8.5, lililotoka mwaka 2009, liliacha kuyafukuza manenosiri mawili ili yafanane. Badala yake liliondoa nenosiri la Notes kabisa kwa wale waliowekewa mpango huo: faili la utambulisho lilifungwa kwa siri ndefu isiyojulikana na mtumiaji, na siri hiyo ikakabidhiwa Windows iilinde. Toleo hilo hilo lilileta hazina ya seva inayotunza nakala za mafaili ya utambulisho, ili aliyesahau nenosiri asipoteze barua zake zilizosimbwa. Kwa mtazamo wa mwandishi, hatua ya kuondoa neno la pili ilikuwa ya busara zaidi kuliko jitihada zote za awali za kulifananisha na la kwanza.

Sanduku la funguo

Njia hiyo ya kuukabidhi mfumo endeshi siri za programu nyingine haikuanzia Notes. Apple iliifikiria mapema miaka ya 1990, na chanzo chake kilikuwa barua pepe. Mfumo wake wa mawasiliano ulioitwa PowerTalk ulitakiwa kukusanya barua kutoka huduma mbalimbali, kila moja na nenosiri lake. Wahandisi wakabuni sanduku moja lililofungwa, ambalo ndani yake manenosiri yote yaliwekwa, nalo likafunguliwa kwa neno moja. PowerTalk haikudumu, lakini sanduku lilirudi mwaka 1999 katika Mac OS 8.6 kwa jina la Keychain, na lipo hadi leo. Mail ya Apple huhifadhi humo nenosiri la barua.

Namna linavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Nenosiri la kuingia kwenye Mac na nenosiri la sanduku huwa neno moja. Mtumiaji anapoingia, mfumo hulitumia neno lile lile kufungua sanduku, na kuanzia hapo programu ya barua huchota inachohitaji bila kumsumbua mwenye mashine. Nenosiri la barua lenyewe halijabadilika wala halifanani na la kompyuta. Limefungiwa ndani ya sanduku tu, na sanduku ndilo linalofuata nenosiri la kompyuta.

Microsoft ilileta mpango wa aina hiyo katika Windows 2000. Siri za programu husimbwa kwa ufunguo mkuu wa mtumiaji, na ufunguo huo mkuu nao hufungwa kwa kitu kinachotokana na nenosiri lake la Windows. Mtumiaji haoni lolote kati ya hayo.

Katika Linux, kompyuta nyingi zenye mazingira ya GNOME hutumia GNOME Keyring, ambayo hufunguka mtumiaji anapoandika nenosiri la kuingia, mradi neno la sanduku ni lile lile. Watumiaji wa Linux huuliza mara kwa mara kwa nini, baada ya kuanza kuingia kwa alama ya kidole au kuiruhusu kompyuta iingie yenyewe, wanadaiwa tena nenosiri pindi wanapofungua barua. Jibu ni kwamba sanduku halifunguliwi kwa kutambuliwa sura au kidole. Linahitaji neno lenyewe, na siku hiyo hakuna aliyeliandika. Wapo wanaokwepa kero hiyo kwa kuweka nenosiri tupu kwenye sanduku. Kero huisha kweli, lakini manenosiri yaliyomo hubaki kwenye diski yakiwa wazi, bila kusimbwa.

Thunderbird imesimama pembeni ya mipango hii. Inayo hifadhi yake ya manenosiri ndani ya folda ya wasifu wa mtumiaji, na kwa kawaida haiifungi kwa nenosiri la kompyuta. Mtumiaji anaweza kuweka nenosiri kuu la programu hiyo, ambalo ataulizwa kila anapoifungua. Asipoliweka, anayefanikiwa kuinakili folda ile amechukua na manenosiri ya barua. Ni vyema wanaoitumia wakumbuke kwamba kuwa na nenosiri la Windows hakutoshi kwao.

Kubadili mwenyewe na kubadilishiwa

Sehemu hii ndiyo inayowaumiza watu wengi, na haiandikwi mara kwa mara kwa lugha ya kawaida.

Mtumiaji anapobadili nenosiri la kompyuta yeye mwenyewe, mfumo humtaka aandike kwanza la zamani, kisha jipya. Wengi hudhani la zamani linaombwa kwa ajili ya kumthibitisha tu. Ukweli ni kwamba lina kazi ya pili: kwa dakika hiyo mfumo unayo maneno yote mawili mkononi, hivyo hulifungua sanduku kwa neno la zamani na kulifunga upya kwa neno jipya. Yaliyomo hayajaguswa. Barua hufunguka kesho kama zilivyofunguka jana.

Hali hubadilika kabisa mtu anaposahau nenosiri na kumwendea fundi, au msimamizi wa kompyuta, ili amwekee jipya. Fundi hana neno la zamani. Anaweza kuandika nenosiri jipya mlangoni, na mwenye mashine akaingia, lakini sanduku limebaki limefungwa kwa neno ambalo hakuna analolikumbuka. Windows humwonya msimamizi kuhusu hasara hii kabla hajaendelea, kwa akaunti zilizo ndani ya kompyuta yenyewe. Onyo hilo hubofywa haraka na kupita. Kwenye Mac, Keychain ya zamani hubaki kando na mpya tupu huundwa. Katika hali zote mbili programu ya barua huanza kudai nenosiri ambalo pengine halijaandikwa na mtu kwa miaka mitano.

Je, hii ni kasoro? La. Kama sanduku lingefunguka kwa nenosiri lolote jipya linalowekwa na msimamizi, basi mwizi aliyeiba kompyuta angejiwekea nenosiri na kusoma kila kitu. Kinachomzuia fundi mwema ndicho kinachomzuia mwizi.

Ofisi zenye mtandao unaosimamiwa na seva kuu ya Windows zina nafuu. Seva hiyo hutunza ufunguo wa akiba, na mtumishi aliyewekewa nenosiri jipya na idara ya kompyuta anaweza kuzipata tena siri zake pindi mashine yake inapowasiliana na seva. Kompyuta ya nyumbani haina akiba hiyo.

Mara nyingi barua zenyewe hazijapotea, kwani zipo katika seva ya mtoa huduma. Kilichopotea ni nenosiri lililohifadhiwa. Mwenye nalo kichwani ataliandika tena na shughuli imekwisha. Anayetaabika ni yule aliyeiachia kompyuta imkumbukie, na ambaye namba ya simu aliyoandikisha kwa ajili ya kurejesha akaunti ni ya laini aliyoiacha katika nchi aliyotoka. Ujumbe wa uthibitisho hutumwa kwenye laini hiyo, wala haumfikii. Mtu wa namna hii anaweza kukosa barua ya wito wa mahojiano au jibu la ombi lake la ukaazi kwa sababu tu nenosiri la kompyuta liliwekwa upya dukani.

Neno lile lile mahali pawili

Wapo wanaotafuta urahisi kwa kutumia neno moja kwa kompyuta na kwa barua. Hili si kuoanisha. Nenosiri la barua hutoka nje ya nyumba, na likivuja huko liendako, kompyuta nayo imefunguliwa. Kwa miaka mingi programu za barua zililipeleka nenosiri likiwa wazi kupitia milango ya seva yenye namba 110 na 143, na yeyote aliyekuwa akisikiliza katika mtandao wa mgahawa wa intaneti aliweza kulisoma. Katika mipangilio ya akaunti inafaa kuhakikisha namba zilizowekwa ni 995 au 993, ambazo hutumia mawasiliano yaliyosimbwa tangu mwanzo.

Tiketi badala ya nenosiri

Chuo kile kile cha MIT kilianzisha mradi wa Athena mwaka 1983, na ndani yake ukazaliwa mfumo wa Kerberos, uliopewa jina la mbwa mwenye vichwa vitatu wa hekaya za Kiyunani. Wazo lake ni kwamba mtumiaji ajitambulishe mara moja asubuhi kwa seva inayoaminiwa na wote, naye apewe tiketi. Anapotaka barua, programu huonyesha tiketi. Nenosiri halisafiri kwenda kwa seva ya barua hata kidogo. Microsoft iliuingiza mfumo huo katika Windows 2000, na ndiyo maana katika ofisi nyingi Outlook hufunguka bila kuuliza lolote.

Tiketi hizo zina uhai mfupi. Katika mipangilio ya kawaida ya Microsoft hudumu saa 10, na saa ya kompyuta ikitofautiana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5 hukataliwa. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, na saa yake hurudi nyuma kila inapozimwa, inaweza kukataliwa barua ingawa nenosiri lake ni sahihi kabisa. Kabla ya kubadili nenosiri kwa hasira, tazama saa.

Kwa barua za watu binafsi nafasi ya tiketi imechukuliwa na tokeni. Mtumiaji hupelekwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma, hujitambulisha huko, pengine pamoja na namba inayotumwa kwenye simu, na programu ya barua hupewa tokeni ya kutumia badala ya nenosiri. Google ilianza tarehe 30 Mei 2022 kuzikataa programu zinazoingia katika akaunti za kawaida kwa jina na nenosiri tu, na Microsoft ikaanza hatua kama hiyo kwa barua za mashirika tarehe 1 Oktoba mwaka huo huo. Tokeni nayo huhifadhiwa ndani ya kompyuta. Faida yake ni kwamba kompyuta ikiibwa, mwenye akaunti anaweza kuifuta tokeni hiyo akiwa mbali, kupitia ukurasa wa usalama wa akaunti yake, bila kugusa vifaa vyake vingine.

Kompyuta ya watu wengi

Mipango yote hii imejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana akaunti yake katika kompyuta. Nyumbani mara nyingi mashine ni moja, baba, mama na watoto huingia kwa jina moja, na nenosiri linajulikana hata na jirani anayekuja kuchapisha barua. Katika hali hiyo, kufungamanisha barua na kuingia ni sawa na kuziacha barua mezani. Kumfungulia kila mtu akaunti yake ndani ya Windows, macOS au Linux hakugharimu fedha, na huchukua dakika chache. Anayeinuka kwa muda afunge skrini: katika Windows ni kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, na katika Mac ni Control, Command na Q kwa pamoja. Katika kompyuta za kukodi za mgahawa wa intaneti, programu isiruhusiwe kukumbuka nenosiri lolote.

Kabla ya kompyuta kupelekwa kwa fundi, mwenyewe ahakikishe anaweza kuingia katika barua yake kwa kifaa kingine, kwa nenosiri analolijua, na kwamba namba ya simu ya kurejesha akaunti ni ile anayoitumia sasa. Kama nenosiri la kompyuta bado linajulikana, alibadili yeye mwenyewe katika mipangilio kuliko kumwachia mwingine amwekee upya.

Na ikiwa limekwisha kuwekwa upya, kisha baada ya siku mbili neno la zamani likamrudia kichwani, asilipuuze. Katika Windows, akilirudisha nenosiri hilo la zamani kwenye akaunti ile ile, siri zilizokuwa zimefungwa huweza kufunguka tena. Katika Mac, Keychain ya zamani ikiwa haijafutwa, hufunguliwa kwa neno hilo hilo ndani ya programu ya Keychain Access, na nenosiri la barua husomeka humo.